Muuguzi Aliyeogopa Sahani

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha watoto wenye utapiamlo, kule Beni, niliharibu uji. Nilikuwa natetemeka, nikatia sukari mara mbili. Mama mmoja mwenye mapacha aliuonja, akaniangalia kutoka kichwani hadi viatuni, akauliza, "Infirmière, hii ni bui ama ni chai ya arusi?" Chumba kizima kilicheka. Mama Kanyere, muuguzi mzee aliyeongoza kazi pale, hakucheka. Aliumwaga uji, akanirudishia sufuria, akaniambia nianze upya.

Vijana wangu wauguzi, mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Vyeo nitaviruka, kwa kuwa vyangu vilikuja vimechelewa. Mishahara pia nitairuka, kwa kuwa mnaijua vizuri kuliko ninavyoweza kuieleza. Nitaandika juu ya chakula, na zaidi juu ya mwenzetu mmoja aliyekuwa akiwalisha watoto wa watu huku yeye mwenyewe akififia mbele ya macho yetu.

Mama Kanyere alifundisha kwa maneno machache. Alinionyesha jinsi ya kumning'iniza mtoto kwenye mizani bila kumtisha: kwanza mpe kamba aishike, ajue si nyoka. Alinionyesha utepe wa rangi tatu unaozungushwa mkononi kupima utapiamlo, nami nikaupenda utepe ule kama mwanafunzi anavyopenda jibu fupi. Yeye akanionya: "Utepe inapima mukono tu. Mutoto, ni weye njo utamuangalia." Na jambo alilolirudia kila mara ni hili: "Mutoto mwenye alikaa na njaa siku mingi, hapana kumupa chakula mingi mara moja. Mwili ilisha sahau. Uikumbushe polepole, ao itavunjika."

Nilimsikia, lakini sikumwelewa mpaka shangazi mmoja, kwa upendo mtupu, alipoingiza nyama na bugali chini ya kitenge na kumshibisha mtoto wa kaka yake. Tulimpoteza mtoto yule asubuhi iliyofuata. Tangu hapo nina woga ambao haujanitoka. Naogopa njaa, na naogopa shibe inayokuja kwa haraka. Kazi yetu iko katikati ya hivyo viwili, na njia yenyewe ni nyembamba.

Baadaye, vita vilipozidi upande wa Beni, nilihamishiwa Butembo. Huku ni baridi, na ghala za wafanyabiashara zimejaa hadi kwenye dari. Wageni huuliza kama mji wenye bidhaa kiasi hiki unaweza kuwa na watoto wa utapiamlo. Sisi tuliwapokea kila juma: watu waliotoka Mbau na vijiji vya pembeni, mama na watoto na godoro moja juu ya pikipiki ya kukodi, moto kama tunavyoiita. Kila pikipiki iliposimama mlangoni nilitoka kutazama, maana sikujua itashusha nini.

Kahindo alikuja kwetu akitoka tu shule ya uuguzi. Alizaliwa Mbau. Baba yake aliuawa shambani, na mama yake akakimbia na wadogo zake hadi Kalunguta, anakolima shamba la kuazima. Msichana alikuwa mwepesi wa kazi, mpole, mwimbaji wa chorale katika kanisa lao la Kiprotestanti. Mtoto aliyekataa kijiko cha kila mtu alikipokea kwake. Mwanzoni alikuwa amekonda kidogo kwa shida za safari, kisha akarudisha mwili. Wenzake wakamsifu kama tunavyosifu sisi: "Kahindo, umenona! Butembo iko nakupenda!" Naye akavuta koti lake jeupe mbele, akatabasamu.

Muda mrefu ulipita kabla hajaniambia alichosikia katika sifa ile. Alisikia mashtaka. Mama yake anakula majani bila mafuta, baba yake yuko udongoni, yeye ananona.

Mambo yalianza kidogokidogo, kama yanavyoanza. Kikundi chao cha sala kilifunga kwa ajili ya amani. Wenzake walipomaliza kufunga walikula, yeye akaendelea. Chakula chake cha mchana aliwapa mama za wagonjwa, nao wakamwombea baraka. Nani angemkemea muuguzi anayegawa chakula chake? Alivaa triko mbili, sweta juu ya sweta, lakini Butembo sote tunavaa triko, kwa hiyo nguo zilimficha. Asubuhi, kabla hatujafungua mlango kwa wagonjwa, nilikuwa nasikia mlio wa mizani ya watu wazima, ule mlio wa chuma, halafu kimya.

Watoto ndio walionistua. Walianza kulia alipowashika. Wale wale waliokuwa wakinyamaza mikononi mwake sasa walijikunja. Nikamshika mkono kama namsalimia, na ulikuwa baridi kama sufuria iliyolala nje. Nikamwita ofisini, kwenye bureau.

"Kahindo, leo ulikula nini?"

"Nilikula, Mama."

"Sikuulize kama ulikula. Nauliza ulikula nini."

Akatazama dirishani. "Tumbo iko naniuma. Ni gastrite."

Mji huu kila mtu ana gastrite, hata wenye afya. Nikafungua bakuli langu la viazi na haragi, maharagwe ya kwetu, nikamsogezea kijiko. Vijana wangu, nimeona watu wakiogopa risasi. Sikuwahi kuona mtu akiogopa haragi. Shingo yake ilitoka jasho. Aliinua kijiko, akakirudisha, akakiinua tena. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Mama, tafazali, unitume kazi yoyote. Lakini hii hapana."

Nikaelewa kwamba sikuwa nabishana na msichana mkaidi. Kulikuwa na kitu kilichomshika.

Sikupata nafasi ya kufikiri sana. Juma lile lile, akiwa amembeba mtoto wa mama mmoja kutoka Oicha, alizimia. Aliegemea ukuta, akateleza taratibu hadi sakafuni, mtoto amembana kifuani. Hata alipopoteza fahamu hakumwachia. Ilibidi nimfungue vidole kimoja kimoja.

Daktari Paluku, aliyekuwa wa zamu, alimsikiliza moyo, akahamisha chombo, akasikiliza tena. Nilimtazama uso, kwa sababu daktari anaporudia mahali pamoja nami huanza kusali. Alinivuta kando.

"Moyo iko napiga polepole sana," alisema. "Chumvi za mu damu ziko chini. Hii si njaa ya vita, Mama Katungu, na si gastrite. Banaiita anorexie. Niliisoma mu masomo, mais sijawahi kuiona na macho yangu. Kichwa inamukataza kula, hata kama mwili iko nakufa."

"Dawa yake ni gani?"

"Chakula. Na kumupa chakula mbio inaweza kumuua."

Hilo nililijua. Nililijua tangu Beni. Tukamlaza katika chumba cha pembeni, tukaanza na vikombe vidogo vya maziwa, damu ikipimwa kila siku, kama tunavyofanya kwa watoto wetu. Tofauti ni kwamba mtoto hulilia kikombe, na Kahindo alikililia kiondoke. Nilikaa naye kila kikombe. Sikumwambia "kunywa ili upone", wala "angalia wenzako wanakosa". Maneno hayo alikuwa anayo kichwani tayari, na ndiyo yaliyomlaza pale. Nilimwambia tu, "Niko hapa. Tutafika mwisho wa hii kikombe."

Kisha mama yake akaja kutoka Kalunguta. Alishuka kwenye moto akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akaingia, akamwona binti yake, akapiga yowe lililowaamsha watoto wote. Halafu akatugeukia.

"Nani alimulisha sumu?"

Mnajua jinsi neno hilo linavyotembea kwetu. Mtu akikonda bila homa, amelishwa. Mama yule alikuwa amekwisha kupanga kila kitu: kijijini kuna mzee anayetoa sumu kwa dawa ya kutapisha, na dereva wa moto alikuwa akisubiri nje, injini inawaka. Alianza kufunga nguo za binti yake ndani ya kitenge.

Nikakishika kitenge. Mwili wa Kahindo haukuwa na nguvu ya kutapika hata mara moja. Ningeita walinzi, mama angepiga kelele kwamba sisi ndio tuliomlisha, na mji mzima ungeamini kabla ya mchana. Daktari Paluku alikuja, akaketi kwenye kitanda cha pili ili asimsimamie juu ya kichwa.

"Mama, utamubeba kama unataka, ni mutoto yako," alisema. "Mais moyo yake iko kama taa yenye mafuta inaisha. Ukitikisa, inazimika. Hatafika Kalunguta."

"Munasema vile juu ni nyinye mulimuharibu!"

Tukawa tunavutana hivyo, yeye akilia, mimi nikimshika kitenge, pikipiki ikinguruma nje. Ndipo Kahindo akasema kutoka kitandani. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini niliachia kitenge.

"Mama, acha. Hakuna mutu alinilisha sumu. Ni miye sikulake."

Mama yake aligeuka polepole. "Ulikosa chakula?"

"Hapana. Chakula iliko. Nikikula, nasikia kama naiba. Nikikaa bila kula, kichwa inanyamaza. Woga inalala. Mwanzo ilikuwa vile. Sasa nataka kuacha na siweze. Mama, siweze."

Yule mama aliketi sakafuni. Kitenge cha nguo kilifunguka magotini mwake. Alisema kitu kwa Kinande ambacho sitakiandika, kwa sababu kilikuwa chake na cha marehemu mume wake. Baadaye alinyanyuka, akatoka nje, akamwambia dereva wa moto aende.

Tangu pale sikuwa peke yangu. Moyo wa Kahindo ulipotulia, daktari alimruhusu kutoka lakini si kurudi kazini. Nikawachukua wote wawili nyumbani kwangu. Mimi ni mjane, vyumba vilikuwepo. Kila juma tulimpeleka kwa mwanasaikolojia, kijana mmoja aliyezoea kuongea na watu waliokimbia vita. Kijana huyo alituonya tusitafute sababu moja. Baba aliyeuawa, kufunga, sifa za kunona, woga wa kila siku: ugonjwa uliingia kwa milango mingi, na hatutaufukuza kwa kufunga mmoja. Alitukataza pia kumsifu mwili. "Musimwambie umekonda, musimwambie umenona. Muongee naye kama mutu, si kama mbuzi ya soko." Mizani niliiondoa machoni pake. Alipopimwa hospitali, alisimama akiipa mgongo, na namba tulibaki nayo sisi.

Nyumbani tulikula pamoja, kwa saa zile zile, kidogo lakini mara nyingi. Mama yake alipakua, kwa sababu Kahindo akipakua mwenyewe alibishana na kila punje. Baada ya kula hakuna aliyenyanyuka. Hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote, vijana wangu; kula ni vita, na baada ya kula ni vita ya pili. Tulichambua maharagi, tulisuka nywele, mama yake alimfundisha tena nyimbo za utotoni. Mimi niliongea upuuzi mwingi. Sijawahi kuongea upuuzi kama miezi ile, nikihofia kimya.

Na hofu haikuniacha. Nilisikiliza mlango wa choo. Nilihesabu hatua zake akitembea. Nilijifunza kutofautisha kikohozi cha baridi na kikohozi cha mtu anayejitapisha kwa siri.

Siku moja mama yake alikuta bugali na sombe, kisamvu chetu, ndani ya mfuko wa plastiki, nyuma ya viatu. Alimtolea maneno makali: "Batoto ba Mbau banalala njaa, na weye unatupa sombe yangu! Niliitwanga na hii mikono!" Kahindo hakujibu. Alivaa triko yake, akatoka.

Tulidhani amekwenda uani. Hakuwa uani. Asubuhi ile mji ulikuwa umejaa uvumi kwamba milio ya risasi imesikika upande wa barabara ya kwenda Beni. Maduka yalikuwa yanafungwa, watu wanatembea haraka bila kukimbia, kwa namna tunayoijua. Mimi na mama yake tuligawana njia. Nilikwenda kanisani kwao, hakuna. Nilikwenda kwenye maegesho ya magari ya Beni, nikauliza madereva, hakuna. Nilipita darajani, nikaangalia maji, na nitawaambia kweli: niliangalia kwa muda mrefu.

Nilimkuta hospitali, kwenye jiko letu la uji. Alikuwa ameketi kwenye benchi pamoja na mama za wagonjwa, kikombe cha uji kati ya magoti, nusu yake imenywewa. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia kwa pamoja. Nikaketi.

"Unatuua, mwanangu," nilisema. "Juu ya nini hukusema unaenda?"

"Niliogopa, Mama. Nilisikia ningetapika, na nyumbani ningefunga mulango. Nikasema niende penye kuko bantu." Akakiinua kikombe, akanywa, akakunja uso. "Mumetia sukari kidogo sana."

Nilicheka hadi mama za wagonjwa wakanishangaa, halafu nikalia. Niliporudi nyumbani nilimweleza mama yake kwamba kwa mara ya kwanza msichana hakuukimbilia ugonjwa wake, aliwakimbilia watu. Mama akafikiri. "Wasingya," alisema kwa Kinande, asante, sijui akimwambia nani. Hakumgombeza tena kwa ajili ya chakula. Akikuta kilichofichwa, alikiondoa, akapakua kingine kidogo, akaketi naye.

Mkikutana na mgonjwa wa namna hii, msimwite mwenye majivuno, wala mwenye pepo, wala msichana wa mjini aliyeharibiwa na simu. Mwaminini kwamba anaogopa kweli. Msikilizeni moyo mapema, mwiteni daktari mapema, na familia msiifukuze hata ikija na hasira. Hasira ya mama yule ilikuwa mapenzi yasiyojua pa kushika. Na msitazame wagonjwa tu. Tazameni aliyevaa koti jeupe pembeni yenu. Sisi tunaolisha watu tunasifiwa tukijisahau, na sifa hiyo ni hatari.

Kahindo hakupona kwa siku moja wala kwa mwaka mmoja. Alirudi kazini nusu siku, kwenye chanjo, mbali na mizani. Ugonjwa ulimrudia wakati kijiji cha jamaa zake kiliposhambuliwa. Safari hiyo alikuja mwenyewe kwa Daktari Paluku kabla hajazimia. Damu yake ya mwezi ilirudi, na mama yake akaimba jikoni bila kueleza kwa nini. Mikono ikapata joto. Watoto wakamrudia.

Haya yote ameniruhusu niyaandike. Amesoma kurasa hizi na kufuta sehemu mbili, nami sikuuliza sababu.

Mwezi uliopita, nilipostaafu, mliniaga. Mlinipikia wali, sombe, samaki na nyama ya mbuzi, daktari akatoa hotuba ndefu ambayo sikuisikia. Nilikuwa naangalia meza ya pili. Kahindo alisimama kwenye mstari, akachukua sahani, akapakua mwenyewe. Wali. Sombe. Akasita mbele ya mbuzi. Akachukua kipande, akaenda kuketi na wenzake. Akala akiongea. Akasita tena katikati, akaangalia sahani kama mtu anayeangalia mto kabla ya kuvuka, na nikajikuta nimeshika ukingo wa meza. Akaendelea.

Halafu akanyanyua macho, akaniona. Alikuja na sahani yake mkononi, akavuta kiti, akaketi kando yangu.

"Mama Katungu," alisema, "tangu tumeanza uko naniangalia tu. Chakula yako ilisha poa."

Nikatazama sahani yangu. Sikuwa nimeigusa. Nikasema sina njaa.

"Sikuulize kama uko na njaa," alisema Kahindo, na akanisogezea kijiko. "Kula. Niko hapa."